Watafsiri wa muvi, tuleteeni na waokota skrepa wa angani

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi, na kama umenizidi umri basi shikamoo. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Gazeti lako linafika hapa yadi kila asubuhi tunalisoma kwa zamu kabla mzigo haujaanza kuingia, na mimi huwa naanzia hapo hapo kwenye barua.

Wiki mbili zilizopita ulitoa barua ya msomaji mmoja aliyesema vijana wa siku hizi wanamaliza bando kwa katuni za Kijapani, watu wazima na ndevu zao wanakaa kuangalia vitu vya watoto, mle hamna kitu zaidi ya makelele na macho makubwa. Nimeisoma mara mbili. Huyo ndugu namheshimu na najua anaongea kwa uchungu wa mzazi, ila mimi nina miaka 43, nina watoto watatu, na hizo katuni naziangalia. Sio zote na sio kila siku, nikipata flashi yenye kitu kizuri naangalia usiku wenzangu wakishalala. Na nimeona nimjibu kwa sababu kuna moja ilinifanya niitazame kazi yangu kwa jicho jingine kabisa, na inaniuma kuona watu wanaipita tu kwa vile imechorwa.

Kazi yangu ni skrepa. Niko Mbagala, nina yadi ndogo, mizani mbili, vijana wanne. Tunanunua chuma kizito, mabati, alumini, kopa, betri zilizokufa, injini zilizogoma, chochote ambacho mwenzako amekichoka. Watu wanatupita wameziba pua. Wengine wanatuita majina, mtoto wangu wa pili alishawahi kurudi shule analia kwa sababu hiyo. Sasa mtu wa kazi hiyo unamuonyesha hadithi ya angani, mwaka 2075, halafu mashujaa wake ni waokota skrepa, unategemea afanyeje?

Inaitwa Planetes. Ilitoka Japani mwaka 2003, ina epi 26, yaani vipande 26 vya hadithi, imetokana na kitabu cha picha cha Makoto Yukimura. Ukisikia 2075 angani unasubiri mapanga ya mwanga na madude yenye meno, hakuna. Kuna kampuni kubwa yenye ofisi zake huko juu kwenye stesheni, na ndani yake kuna idara moja ambayo kazi yake ni kwenda kukusanya mabaki yanayozunguka dunia, satelaiti zilizokufa, vipande vya roketi, bolti, mapanki ya chuma, kabla hayajagonga vyombo vyenye watu. Idara yenyewe imetupwa huko chini, watu hawatoshi, hela hawapewi, wafanyakazi wa idara nyingine wanaiita Nusu Idara. Chombo chao kimezeeka. Kijana mmoja, Hachimaki, anataka siku moja anunue chombo chake mwenyewe na kila siku anaona kama ndoto inazidi kusogea mbali. Binti mgeni, Tanabe, anaingia siku ya kwanza akijua amepata kazi ya maana, anakutana na hao. Na kitu cha kwanza anachokutana nacho ni mtu mzima amevaa pampasi, kwa sababu ukiwa nje ndani ya suti masaa sita au saba hakuna choo, na hili sio la kutunga, wanaanga wa kweli nao wanavaa hivyo hivyo. Mimi hapo ndipo nilipoiamini. Aliyeandika hiyo hadithi alikaa akafikiria mtu anaendaje haja kazini, basi huyo anajua kazi ni nini.

Mwanzo kabisa wanakuonyesha chombo cha abiria kinapita angani, watu wamekaa kama kwenye basi la mkoani, mwanamke mmoja kakaa dirishani, halafu skrubu. Moja. Inapiga kioo na yule mama anakufa. Mume wake anaitwa Yuri, na miaka inapita unamkuta kwenye ile Nusu Idara, kimya, mpole, anaokota mabaki kila siku, na baadaye unakuja kuelewa kwamba kwenye takataka zote zile anatafuta kitu kimoja, dira ndogo aliyokuwa nayo mke wake. Wenzake wanaokota kwa mshahara, yeye anaokota kwa ajili hiyo.

Sasa nikajiuliza skrubu inaua vipi. Hapa yadi bolti ya gramu 100 unaikanyaga huna habari nayo, haisogezi hata mshale wa mizani kubwa. Nina kijana mmoja alimaliza kidato cha sita mchepuo wa fizikia na bado anatafuta nafasi, nikamuuliza, akachukua kalamu nyuma ya risiti. Vitu vinavyozunguka huko karibu na dunia vinakwenda kama kilomita saba na nusu kwa sekunde. Kwa sekunde, sio kwa dakika. Kutoka hapa mpaka Morogoro ni kama nusu dakika tu. Akapiga hesabu, bolti ya gramu 100 kwa mwendo huo inabeba nguvu sawa na lori la tani 10 linalokuja na spidi 85. Nikamwambia rudia. Akarudia, jibu lile lile. Nikaenda kuchukua bolti kwenye pipa nikaiweka kiganjani nikaiangalia muda mrefu kidogo, hiyo ndogo, yenye kutu, ni fuso nzima limejaa mzigo.

Na vitu hivyo viko kweli, havikutungwa na Wajapani. Vipande vinavyofuatiliwa na mitambo kutoka ardhini vimeshapita 30,000, hapo unahesabu vikubwa tu. Mwaka 2009, Februari, satelaiti ya Kimarekani iliyokuwa inafanya kazi iligongana na ya Kirusi iliyokuwa imekufa, juu ya Siberia, zikawa maelfu ya vipande. Kuna kisatelaiti cha Wamarekani kinaitwa Vanguard 1, kilo moja na nusu hivi, mviringo kama balungi, kilirushwa Machi 1958, Tanganyika bado haijapata uhuru, kikanyamaza miaka ya sitini na mpaka leo ninavyoandika bado kinazunguka kimya kimya. Mzee Donald Kessler wa kule kule Marekani aliandika tangu 1978 kwamba vitu vikizidi vitaanza kugongana vyenyewe kwa vyenyewe, kila ajali inazaa vipande vya ajali nyingine, mpaka njia zinafungika. Planetes imejengwa juu ya hofu hiyo. Huyo ndugu aliyesema hamna cha kujifunza mle, mimi nimejifunza hayo yote kwa sababu ya katuni, shuleni hayakunifikia.

Halafu ikaja Makueni. Tarehe 30 Desemba 2024, hapo Kenya tu kwa jirani, kijiji cha Mukuku, kilianguka kitu kutoka juu, ringi ya chuma, upana wake mita mbili na nusu, uzito kama kilo 500. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilikwenda, likasema kwa uchunguzi wa mwanzo ni ringi ya kutenganishia roketi. Mungu saidia haikumpata mtu. Picha zilizagaa kwenye simu, wanakijiji wameizunguka, na vijana wangu hapa waliziangalia kama watu wa skrepa wanavyoangalia kitu, unene kiasi gani, itakatwa na gesi au na grainda, kwa kilo inakwendaje. Mmoja akasema bosi hiyo ni mzigo wa siku tatu. Hakuna aliyeuliza imetoka kwa nani, na mimi mwenyewe kwa dakika ile ya kwanza sikuuliza. Usiku ndio nikakumbuka wale wa Nusu Idara, kwamba mle ndani kila kipande wanachokamata kina mwenyewe, kina mtu aliyekiacha akaenda zake. Cha Mukuku nacho kilikuwa na mwenyewe. Yule mkulima aliyesikia mshindo karibu na shamba lake hakurusha roketi yoyote.

Ndio maana nasema hizi ni hadithi zetu pia. Watu wanadhani mambo ya anga ni ya wenzetu, tunasahau kwamba satelaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka pwani ya Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya ndio maana ikapewa jina hilo, ikawa ya kwanza duniani kutengenezwa maalum kwa kuchunguza mionzi ya eksirei inayotoka kwenye nyota. Jina la Kiswahili liko kwenye historia ya anga miaka yote hiyo. Na ndani ya hiyo hiyo Planetes kuna epi moja, ya kumi na moja, anakuja jamaa kutoka nchi maskini, nchi ya kutunga, na suti ya anga waliyoitengeneza kwao kwenye kiwanda kidogo, anabembeleza wakubwa waijaribu tu, waone kama inafaa. Wanamwangalia kama tunavyoangaliwa sisi tukiingia ofisi za watu na nguo za yadi. Ile suti ni nzima. Inafanya kazi. Yaliyofuata sisemi, mtaangalia wenyewe, ila mimi nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi mpaka mbu wakanirudisha ndani.

Mtu atasema mbona Wamarekani nao wamefanya muvi ya mabaki ya angani, Gravity ya 2013, ya Sandra Bullock, ikachukua Oscar saba. Nimeiona, na sisemi ni mbaya, dakika tisini huwezi kuinuka kwenye kiti, picha zake ni za ajabu. Ila mle mabaki ni adui. Yanakuja, yanavunja, yanaondoka, dakika tisini baadaye yanarudi tena, na steringi anakimbia. Ukimaliza unashusha pumzi basi, kesho umesahau. Hakuna mtu hata mmoja mle ambaye kazi yake ni kwenda kuyaokota. Na mimi nimegundua kwamba muvi za sayansi zinazonikaa kichwani ni zile zinazokumbuka kwamba hata huko mbele, na maroboti yote hayo, kuna mtu atazoa taka.

Angalieni. Kuna Ghost in the Shell, ya zamani ya 1995 ya Mamoru Oshii, watu wanaisifia kwa sababu ya yule dada askari mwenye mwili wa mashine na kwa sababu waliotengeneza The Matrix walichukua mengi mle. Sawa, kweli anastahili. Lakini mimi aliyenikaa moyoni ni mzoa taka. Jamaa wa kawaida, anazunguka na gari la taka mtaani, ana matatizo na mke wake wanataka kuachana, anampenda binti yake, anatembea na picha yake, anamuonyesha mwenzake kazini mtoto anavyocheka kama malaika. Anakamatwa kwa sababu amekuwa akitumika kwenye uhalifu wa kuingilia akili za watu bila mwenyewe kujua. Polisi wanamuweka chini wanamwambia taratibu, huna mke. Huna mtoto. Hujawahi kuoa, unaishi peke yako miaka kumi, hayo yote umewekewa kichwani. Hiyo picha, itazame vizuri, ni wewe na mbwa wako. Naye anauliza, sasa haya yatafutika? Wanamwambia waliofanikiwa kufutiwa ni wachache mno, pole. Basi. Kipande kifupi tu halafu muvi inaendelea na mambo yake makubwa, ila mimi nilibaki na yule baba. Wangeweza kumchagua mtu yeyote wamwibie kumbukumbu, wakamchagua mzoa taka kwa sababu ndiye anayeingia kila mtaa na hakuna anayemwangalia usoni, na hilo ni kweli tupu, muulizeni yeyote anayesukuma mkokoteni wa taka hapa Dar.

Na Alita je? Kitabu chake kilianza 1990, cha Yukito Kishiro, ikaja anime fupi, yaani katuni ya Kijapani, 1993, halafu Wamarekani wakaifanya muvi 2019. Kuna mji unaning'inia angani, na chini yake kuna mji wa watu wa kawaida, wa juu wakishatumia wanamwaga chini. Daktari mmoja anaokota spea kwenye lile rundo ili atengenezee wagonjwa wake, anakuta kichwa cha binti na ubongo bado mzima. Mle kuna kijana, Hugo, anawavizia watu wenye miili ya mashine na wenzake usiku, wanawang'oa mikono na miguu, wanakwenda kuuza. Hapo nilisimamisha nikavuta pumzi. Mhariri, mimi vijana kama hao wanakuja hapa yadi. Anakuja saa kumi na mbili asubuhi na mfuniko wa chemba, au kipande cha kibao cha barabarani kimekunjwa ili maandishi yasionekane, anasema mzee nipimie hiki. Siwapimii. Wapo wanaopima, ndio maana mashimo yako wazi na watu wanavunjika miguu. Lakini namwona usoni na sioni jambazi, naona mtoto anayetaka nauli ya kutoka, na Hugo naye anataka hicho hicho, anakusanya hela apande ule mji wa juu. Muvi ya 2019 watu wengi waliisema, wengine macho ya yule binti yamewachosha, mimi nimeipenda sana hata kama mwisho wake umekatwa kama kanga iliyopasuliwa nusu.

Ya mwisho kwenye hizi za taka sio ya Kijapani, ni WALL-E ya 2008, katuni kabisa, ya watoto kabisa. Kiroboti kimebaki peke yake duniani kinabana takataka kuwa matofali. Kikiharibika mnyororo kinatoa wa mwenzake aliyekufa pembeni kinajifungia. Kila fundi wa hapa mjini aliyewahi kufungua gari bovu atie spea kwenye zima aliona kile kitendo akajua kimetoka wapi. Na jioni kinarudi nyumbani na vitu vilivyokipendeza siku hiyo, kiberiti cha gesi, kijiko chenye meno ya uma, kinavipanga kwenye rafu. Mimi nina rafu hiyo. Iko nyuma ya mizani ndogo, kuna kengele ya baiskeli ya zamani, kufuli la shaba, redio ya mkulima ya miaka ile, vitu ambavyo nimevinunua kwa kilo nikashindwa kuviuza kwa kilo.

Sasa nikubaliane na yule ndugu kwenye jambo moja, na hili nalisema kwa mkazo. Sio kila kilichochorwa ni cha mtoto. Miaka ya nyuma kulikuwa na banda moja la video huku kwetu, mwenye banda aliona jaladi la Akira, kijana kwenye pikipiki nyekundu, akaona hiyo ni katuni, akawawekea watoto Jumapili mchana. Nilikuwa nimepita kumtafuta mtoto wa dada yangu. Nilikuta watoto wa miaka sita, saba, mabenchi mawili, kimya kama msibani, kwenye skrini mwili wa kijana unafumuka kama unga uliozidi hamira, damu, watu wanapondwa. Nikamtoa mtoto, nikazima, tukagombana na mwenye banda. Akira ni kazi kubwa ya watu wazima, ya 1988, Katsuhiro Otomo, picha zaidi ya 160,000 zimechorwa na kupakwa rangi kwa mkono, taa za zile pikipiki zinavyoacha mkia gizani mpaka leo hakuna kompyuta iliyonipendeza vile. Hadithi yenyewe kwangu inakimbia mno, kitabu kina kurasa zaidi ya 2,000 wakazibana kwenye masaa mawili. Lakini sio ya mtoto hata kidogo, Ghost in the Shell pia sio, kuna miili wazi na mauaji mle. Wazazi, soma kwanza nyuma ya jaladi, angalia mwenyewe dakika ishirini. Kuzipiga marufuku zote kwa jina la katuni na kuziachia zote kwa jina la katuni ni kosa lile lile.

Nyingine nitapita haraka. Cowboy Bebop ya 1998 ni tamu, muziki wake ukiuweka jioni kazi inakwenda yenyewe, na wale ni watu wenye njaa wanaotafuta hela ya chakula, nawaelewa. Ile ya kuigizwa na watu ya 2021 ilifutwa ndani ya mwezi mmoja na sikushangaa, kama Ghost in the Shell ya 2017, majengo yanang'aa, moyo hakuna. Evangelion nimeimaliza, epi mbili za mwisho nimerudia, bado sina la kusema.

Ninalotaka hasa ni hili. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video, Kiingereza hatukukijua na Kichina ndio kabisa, lakini muvi tulizielewa, kwa sababu kulikuwa na sauti ya mtafsiri anayetusimulia kwa Kiswahili juu ya muvi yenyewe. Lufufu akishika muvi ulikuwa unatoka pale unajua steringi ameudhiwa kwa lipi na adui ana mpango gani. Waliomfuata wakaendeleza, Wakenya nao wana DJ Afro wao. Hiyo ni elimu kubwa na ni sanaa yetu, hakuna mtu atanidharaulia watafsiri. Ila wanatutafsiria ngumi, Wakorea na Wahindi. Za sayansi wanachukua zile za maroboti makubwa yanayobomoa miji. Planetes sijaiona kwa Kiswahili popote, na nimeulizia kwa wote wanaoniwekea muvi kwenye flashi kuanzia hapa mpaka Kariakoo. Mimi naisoma yale maandishi ya Kiingereza chini, pole pole, nasimamisha, narudisha. Mke wangu alikaa na mimi usiku mmoja, akauliza huyu anasema nini, nikamtafsiria, akauliza tena, mpaka mwisho akalala. Yeye angeipenda kuliko mimi. Mama yake alikuwa anaokota chupa.

Na nina ombi moja la kiufundi kwa atakayeichukua hiyo kazi. Niliwahi kuona ile ya WALL-E imetafsiriwa, simtaji jamaa, alikuwa anaongea mwanzo mwisho. Sasa ile muvi nusu saa nzima ya mwanzo karibu hakuna maneno, ni upepo, mnyororo, na kile kiroboti kinahangaika. Jamaa akakijazia maneno mdomoni, upweke wote ukaisha. Angani hakuna hewa kwa hiyo hakuna sauti, na Planetes wameliheshimu hilo, vitu vikigongana nje husikii mshindo, unasikia pumzi ya mtu ndani ya kofia yake tu. Pumzi ikienda haraka unajua anaogopa. Mtafsiri akifika hapo anyamaze. Asituambie huyu sasa anaogopa, tunamsikia.

Jumamosi iliyopita tulifunga yadi saa kumi na moja. Niliweka laptopu juu ya pipa, vijana wanne wakakaa kwenye matairi, nikawawekea epi ya kwanza nikawa natafsiri mwenyewe. Nilikuwa naogopa watachoka. Pale kwenye skrubu nilinyamaza. Nje daladala zinapiga honi, konda anaita abiria, ndani hakuna aliyesema kitu, na yule wa fizikia alikuwa na bolti mkononi anaizungusha zungusha. Ilipoisha mmoja, yule aliyesema ringi ya Makueni ni mzigo wa siku tatu, akaniambia, bosi weka ya pili. Tuliangalia nne. Sauti yangu iliisha, nakohoa mpaka leo.

Kama kuna mtafsiri anasoma gazeti hili, epi zote 26 ninazo kwenye hardi, aulizie yadi ya skrepa Mbagala aje azichukue, na chai ipo.

Wako msomaji,
Muuza skrepa, Mbagala, Dar es Salaam